Kibarua, Kujiajiri na Kujitegemea: Maana na Asili ya Maneno ya Kazi Isiyo na Mwajiri wa Kudumu, kwa Kurejelea Nansio, Ukerewe

Ikisiri

Makala hii inaeleza maana na asili ya maneno ambayo Kiswahili kinayatumia kutaja kazi inayofanywa nje ya ajira ya kudumu. Neno linalochunguzwa kwa undani ni kibarua, nalo linalinganishwa na kujiajiri, kujitegemea, mjasiriamali na deiwaka. Mifano ya matumizi imewekwa katika mazingira ya kazi ya Nansio, kisiwani Ukerewe. Makala inaonesha kwamba kibarua lilianza kama jina la karatasi, likahamia kwa mtu aliyeishika karatasi hiyo, kisha kwa kazi aliyoifanya, na hatimaye kwa jukumu lolote gumu. Aidha, upatanisho wa kisarufi umezihifadhi hatua hizo zote hadi leo. Inahitimishwa kwamba kuchagua neno la kumtaja mtendakazi wa aina hii si suala la mtindo pekee, kwa kuwa neno hilo lina uzito katika kuamua ni nani atambuliwe kuwa mfanyakazi mwenye haki mbele ya sheria.

1.0 Utangulizi

Nansio ni mji wa bandari na makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, mkoani Mwanza. Kisiwa cha Ukerewe ndicho kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na wilaya hiyo inajumuisha visiwa vingine, kikiwamo Ukara. Kikerewe, Kijita, Kikara na Kisukuma husikika majumbani na mashambani. Kiswahili ni lugha ya soko, gati, shule na ofisi. Kwa hiyo, mtu anapotaka kutaja kazi yake mbele ya mgeni, mnunuzi au karani, hutumia Kiswahili.

Miongoni mwa kazi za mji huo na mialo inayouzunguka, zipo nyingi zisizo na mwajiri wa kudumu. Yupo anayepakua magunia gatini kwa malipo ya siku, anayevua dagaa katika mtumbwi wa mwingine, anayeanika dagaa hao mchangani kwa ujira wa kutwa, anayeendesha pikipiki isiyo yake, fundi mwenye vifaa vyake, na mwandishi wa habari anayepeleka taarifa kwa chombo kisichompa mshahara. Kwa mtazamo wa kiuchumi, wote hao wanafanana kwa jambo moja: hakuna anayeahidiwa kazi ya mwezi ujao. Hata hivyo, Kiswahili hakiwaiti kwa jina moja. Wa kwanza ataitwa kibarua, wa mwisho mwandishi wa kujitegemea, na waliobaki wataitwa kwa majina yanayobadilika kulingana na anayewataja.

Tofauti hiyo ya majina ndiyo hoja ya makala hii. Inaelezwa kwanza asili ya neno kibarua na njia lililopitia kimaana. Kisha sarufi yake. Halafu historia ya kazi iliyolilea. Na mwisho maneno mapya yaliyojitokeza kando yake na athari zake kwa mtendakazi.

2.0 Asili ya Neno Kibarua

2.1 Kutoka Kiarabu hadi Barua

Kibarua linatokana na nomino barua, ambayo nayo ina asili ya Kiarabu. Mzizi wake ni ule unaobeba dhana ya kuwa mbali na jambo, kuondolewa lawama, au kufunguliwa deni. Nomino ya Kiarabu baraa hutaja hali hiyo ya kutodaiwa, na ndiyo inayotumika pia kuwa jina jingine la sura ya 9 ya Kurani, At-Tawba, kutokana na neno linaloianza sura hiyo. Kutoka katika hali, maana ilisogea hadi kwenye waraka unaoithibitisha: hati ya kuachiliwa, ya ruhusa au ya cheo. Katika dola ya Waturuki wa Osmani, hati za sultani za kumpa mtu wadhifa au upendeleo ziliitwa kwa neno la asili hiyohiyo.

Kiswahili kililipokea neno likiwa limekwisha kushikamana na waraka, kisha kikalipanua. Barua ikawa maandishi yoyote yanayotoka kwa mtu kwenda kwa mwingine. Dhana ya kufunguliwa ikafifia kabisa, kiasi kwamba msemaji wa leo haihisi. Ni muhimu kuikumbuka, hata hivyo, kwa sababu inaonesha kwamba kiini cha neno linalotaja utegemezi wa kila siku kiliwahi kubeba maana ya kutodaiwa na mtu.

2.2 Kutoka Karatasi hadi Mtu

Kiambishi ki- kilipotangulizwa kwenye barua, kilizaa jina la waraka mdogo: kijikaratasi. Matumizi haya ya ki- kuonesha udogo ni ya kawaida kwa mashina marefu. Mashina ya silabi moja huhitaji kiji-, kama ilivyo katika kijitu. Maana ya pili ya kibarua ilizaliwa Unguja katika karne ya 19. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, na baadaye Frederick Johnson katika kamusi ya mwaka 1939, wanatoa maelezo yanayokubaliana: mtu aliyechukuliwa kwa kazi ya siku alipewa kikaratasi, na alipokirudisha ndipo alipolipwa. Karatasi ikawa ndiyo inayohesabiwa, na aliyeishika akaitwa kwa jina lake.

Uhamishaji huu wa jina la kitu kwenda kwa mtu anayehusiana nacho unajulikana katika semantiki kuwa ni metonimia. Si jambo geni katika Kiswahili cha kazi. Vibarua walipotajwa kwa karatasi yao, wafanyakazi wa mkataba waliopelekwa kwenye mashamba ya mkonge waliitwa manamba, kutokana na namba walizoandikishwa. Katika mifano yote miwili, mtu hatajwi kwa ustadi wake, kama mhunzi au mfinyanzi, wala kwa kitendo chake, kama mvuvi au mkulima. Anatajwa kwa alama aliyopewa na yule anayemlipa.

Hapa unafaa ulinganisho na Kiingereza. Neno la lugha hiyo linalotaja mtu asiye na mwajiri mmoja, freelance, lilienezwa na riwaya ya Walter Scott iitwayo Ivanhoe, iliyotoka Desemba 1819, ambamo mikuki huru ni askari wa kukodiwa wasio na kiapo kwa bwana yeyote. Jina hilo limetokana na silaha, na silaha ni mali ya anayeibeba. Kibarua limetokana na karatasi, na karatasi ni mali ya aliyeitoa. Jioni hurudishwa kwake. Maneno hayo mawili yanaweza kutafsiriana katika sentensi fulani, lakini yanaitazama kazi ileile kutoka pande mbili zinazopingana: moja kutoka kwa mwenye nguvu ya kuuza, jingine kutoka kwa mwenye daftari la kulipa.

3.0 Kibarua katika Sarufi

Maana za kibarua zinazotumika sasa ni nne: karatasi ndogo, ambayo imekuwa adimu, mtu anayelipwa kwa siku, kazi yenyewe, na jukumu gumu. Upatanisho wa kisarufi ndio unaozitenganisha. Tazama mifano ifuatayo:

(1) Kibarua wangu amepotea.
(2) Kibarua changu kimepotea.
(3) Vibarua wamelipwa jioni.
(4) Timu ya ugenini ina kibarua kigumu.

Katika (1) na (3) nomino ina umbo la ngeli ya KI-VI, lakini vivumishi na vitenzi vinafuata upatanisho wa viumbe wenye uhai, A-WA. Kinachopotea ni mtu. Katika (2) upatanisho unafuata umbo, na kinachopotea ni nafasi ya kazi. Kwa hiyo, msikilizaji hutambua kama anaambiwa habari ya mtu au ya riziki yake kwa kusikia silabi moja tu ya upatanisho. Sentensi ya (4) ni ya kawaida katika kurasa za michezo, na hapo kibarua ni mtihani unaomkabili mtu au kundi. Malipo hayamo tena, umebaki uzito wa kazi.

Baadhi ya wasemaji huona kwamba kibarua ni neno la kudharau kwa sababu ya ki- yake, wakiilinganisha na ki- ya udunishaji katika kijitu. Uchambuzi wa mofolojia hauungi mkono maelezo hayo. Kilichodogoshwa na ki- ni barua, kabla neno halijamfikia mtu. Tena, ki- ya ngeli hii haina hukumu moja inapotaja watu: huwataja kiongozi na kijana, kama inavyowataja kipofu na kiziwi. Dharau inayosikika katika kibarua haikuletwa na kiambishi. Imeletwa na hali ya mtu aliyekuwa akiitwa hivyo. Jambo hili lina maana kwa wanaoshughulikia istilahi, kwa sababu kubadili kiambishi hakuwezi kufuta dharau iliyotokana na mfumo wa malipo.

Nahau ya kibarua kuota nyasi, yenye maana ya mtu kupoteza kazi, inathibitisha jinsi maana ya tatu ilivyoimarika. Taswira yake inaeleweka kwa jamii ya wakulima: mahali palipokuwa pakifanyiwa kazi pasipoguswa, nyasi huota. Nahau hiyo sasa hutumika hata kwa makocha na mawaziri. Hapo neno la aliye chini kabisa linapandishwa hadi kwa aliye juu, na kejeli yake inatokana na ukumbusho kwamba hata mwenye cheo anaweza kuondolewa kama aliyechukuliwa kwa siku moja.

4.0 Kazi Iliyolilea Neno

Vibarua wa Unguja katika karne ya 19 hawakuwa wote watu huru. Wengi wao walikuwa watumwa ambao mabwana zao waliwaruhusu kwenda mjini kujikodisha kwa kazi za bandarini na maghalani, kisha sehemu ya malipo ya siku ikapelekwa kwa bwana. Malipo hayo kwa bwana yaliitwa ijara katika baadhi ya miji ya pwani. Kwa hiyo, kibarua wa kwanza alikuwa mtu mwenye nafasi ya utata: alichagua mahali pa kufanya kazi, aligusa fedha kwa mkono wake, aliishi mbali na jicho la bwana, lakini kila siku alidaiwa. Uhuru na utegemezi vilikaa katika neno moja tangu mwanzo.

Baada ya hali ya kisheria ya utumwa kufutwa Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, kazi ya siku haikutoweka. Bandari za Mombasa na Dar es Salaam ziliendeshwa kwa kiasi kikubwa na vibarua, kwa kuwa meli huja kwa zamu zisizo sawa na wenye kampuni hawakutaka kulipa watu siku ambazo hakuna meli. Wafanyakazi nao walikuwa na sababu zao. Mwenye shamba au jamaa vijijini angeweza kufanya kazi siku chache, akapata fedha ya kodi na mahitaji, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Serikali ya kikoloni iliuona uhuru huo kuwa utovu wa nidhamu. Migomo ya bandari ya mwaka 1939 na ule mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 iliwafanya watawala waanze kutafuta namna ya kuwaandikisha vibarua na kuwageuza kuwa wafanyakazi wa kudumu wanaodhibitika.

Karatasi iliendelea kuwa chombo cha udhibiti. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, hati iliyowekwa katika kijikopo cha bati na kuvikwa shingoni. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku zilipotimia ndipo mshahara ulipotolewa. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuajiri wafanyakazi kutoka mbali, iliyojulikana kwa kifupi cha SILABU, na kwa njia hiyo neno manamba likasambaa hadi mikoa isiyolima mkonge. Barua, kipande na namba ni msamiati wa daftari moja.

5.0 Kazi Kabla ya Karatasi

Kwa jamii za ukanda wa ziwa, neno kibarua lilifika pamoja na fedha na karani. Kabla yake, lugha za eneo hilo ziliitaja kazi kwa mzizi mwingine. Kiganda kina omulimu na Kisukuma kina nimo, wingi wake milimo. Yote yanahusiana na kitenzi cha kibantu ambacho Kiswahili kinacho katika umbo la lima. Kazi, kwa asili ya maneno hayo, ni kile kifanywacho ardhini na mwenye shamba pamoja na watu wake. Hakuna mlipaji ndani ya neno.

Fasihi ya Ukerewe inatoa ushahidi wa mtazamo huo. Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, ambayo toleo lake la Kiswahili lilichapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Riwaya inaisawiri jamii ya kisiwa hicho kabla ya utawala wa kikoloni. Myombekere anapotakiwa na wakwe zake kupeleka mitungi sita ya pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe, kazi ya kuiandaa haiwi ya mtu mmoja, wala haizai mshahara. Inazaa wajibu: anayesaidiwa leo atasaidia kesho. Kulima, kujenga, kuvua na kupika pombe ni shughuli zenye majina yake, na mtendaji hatajwi kwa namna anavyolipwa, kwa sababu malipo hayajatenganishwa na uhusiano.

Isidhaniwe kwamba jamii hiyo haikuwa na wanyonge. Linalosisitizwa hapa ni la kileksika: neno linaloainisha watu kwa mfumo wa malipo haliwezi kuwapo pale ambapo malipo hayajawa kitu cha pekee. Kibarua lilipoingia kisiwani, lilikuja kujaza nafasi mpya, si kuondoa neno la zamani.

6.0 Maneno Mapya: Kujiajiri, Kujitegemea, Ujasiriamali

6.1 Kujiajiri

Kitenzi ajiri kinatokana na mzizi wa Kiarabu wa ujira na thawabu, na kimezaa familia kubwa: ajira, ujira, ijara, mwajiri, mwajiriwa. Kiambishi -ji- cha kujirejea kinapoingizwa, tunapata kujiajiri, yaani mtendaji na mtendwa kuwa mtu mmoja. Umbo ni sahihi kisarufi na linaeleweka haraka. Kimantiki, hata hivyo, linaficha mambo mawili. Kwanza, linamficha mteja, ambaye ndiye mlipaji halisi. Pili, linamficha mwenye chombo. Anayeendesha pikipiki ya mwingine na kumpelekea fedha kila jioni anaitwa aliyejiajiri, ilhali yupo mtu anayechukua sehemu ya kipato chake kabla yeye hajahesabu faida. Vilevile, kitenzi hiki hakijapata nomino ya mtendaji iliyokubalika: mjiajiri husikika kwa nadra, na watu hupendelea kishazi waliojiajiri. Lugha imekubali kitendo bila kumpa mtu jina.

6.2 Kujitegemea

Kujitegemea lilipata uzito wake wa kisiasa katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililofungamanisha ujamaa na kujitegemea, na katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka huohuo. Wakati huo, anayejitegemea alikuwa taifa, kijiji au shule. Baadaye neno liliteremka hadi kwa mtu mmoja, lakini si kwa kila mtu. Kiswahili cha Tanzania kina wakili wa kujitegemea, mwandishi wa kujitegemea na mtafiti wa kujitegemea. Hakina mpakuaji mizigo wa kujitegemea, ingawa naye huuza huduma yake kwa yeyote anayeihitaji. Tofauti iliyopo kati ya kibarua na wa kujitegemea, basi, haitokani na aina ya mkataba. Inatokana na elimu na heshima ya kazi. Wote wawili hawana mshahara wa mwezi, lakini mmoja ametajwa kwa uhuru wake na mwingine kwa karatasi yake.

6.3 Mjasiriamali

Mjasiriamali ni neno ambatani lililoundwa kwa jasiri na mali: mwenye kuthubutu kwa ajili ya mali. Lilikusudiwa kumtaja mwanzilishi wa biashara, na katika enzi ya soko huria limepanuka hadi kumfikia muuza mboga. Upanuzi huo unaonekana wazi katika vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa nchini Tanzania Desemba 2018, kwa ada ya shilingi 20,000. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilikuwa imewatazama wengi wa aina hiyo kama watu wasio na kazi inayotambulika. Katika kipindi cha miaka 35, mtu yuleyule amehama kutoka kundi la wazururaji hadi la wajasiriamali. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba, kama ilivyokuwa kwa kibarua, utambulisho umeambatana na karatasi. Safari hii karatasi hulipiwa na anayeibeba.

7.0 Matumizi katika Mialo na Barabara za Nansio

Mazingira ya uvuvi yanaonesha jinsi maneno rasmi yanavyopitwa na uhusiano wa kazi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, wakivutia samaki kwa taa, na hupumzika mwezi unapokuwa mpevu. Mtumbwi, nyavu, taa na injini kwa kawaida ni mali ya mtu mmoja, na mapato hugawanywa baada ya gharama kutolewa. Mwenye vyombo haitwi mwajiri, anaitwa tajiri. Neno hili lina asili ya Kiarabu ya mfanyabiashara, na kufanana kwake kwa sauti na mwajiri ni kwa bahati tu, kwani mizizi ni tofauti. Hata hivyo, matokeo ya kisemantiki ni makubwa. Mwajiri ni neno linalodai mwenzake, mwajiriwa, na pamoja nao huja mkataba, likizo na fidia. Tajiri halidai mwenza wa namna hiyo. Linataja hali ya mtu, si wajibu wake.

Barabarani kuna msamiati wake. Mwendesha bodaboda hupeleka hesabu, yaani kiasi kilichokubaliwa kwa siku, kwa mwenye pikipiki. Kinachozidi ni chake. Yapo pia makubaliano yanayoitwa mkataba, ambayo baada ya muda humfanya mwendeshaji kuwa mmiliki. Anayemshikia mwenzake chombo kwa saa chache ni deiwaka, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza na kuenea kupitia daladala. Kimaana deiwaka ni tafsiri kamili ya kibarua, mtu wa kazi ya siku, lakini halijachukua nafasi yake, kwa kuwa linataja nafasi ya kushikia ya mtu mwingine. Kibarua hukodiwa na mwenye kazi. Deiwaka hukodiwa na mwenye zamu.

Hesabu na ijara zinastahili kulinganishwa. Katika zote mbili, mtendakazi yuko mbali na macho ya mwenye mali, anachagua wateja wake, na anadaiwa kiasi cha siku iwe amepata au hakupata. Hali ya kisheria ya watu hao wawili haifanani hata kidogo: mmoja alikuwa mtumwa, mwingine ni raia huru anayeweza kuiacha pikipiki kesho. Kinachofanana ni muundo wa malipo, na muundo huo ndio unaoeleza kwa nini maneno ya uhuru na ya utegemezi yanaendelea kugombea nafasi moja.

8.0 Neno Mbele ya Sheria

Mwaka 2021, kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka huo, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania. Tangu hapo, suala la kutafsiri dhana za kazi limeacha kuwa la wanaleksikografia peke yao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inatambua mkataba usio na ukomo, mkataba wa muda maalumu, na mkataba wa kazi mahususi. Neno kibarua halina mlango wake katika mgawanyo huo. Anayeitwa hivyo mtaani atapimwa kwa mikataba iliyotajwa. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, katika kifungu cha 61, inakwenda mbali zaidi. Inamchukulia mtu kuwa mfanyakazi, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyoorodheshwa: kwamba namna au saa zake za kazi ziko chini ya uongozi wa mwingine, kwamba ni sehemu ya taasisi ya mwingine, kwamba amemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba anamtegemea kiuchumi, kwamba anapewa vifaa vya kazi, au kwamba anamhudumia mtu huyo peke yake.

Ukikisoma kifungu hicho pamoja na maelezo ya mtumbwi wa dagaa, pengo kati ya neno na hali linaonekana. Mvuvi anayepewa chombo, nyavu na taa, na anayekwenda ziwani kwa amri ya tajiri, ana sifa zaidi ya moja kati ya hizo. Lakini mtu huyo akiandikwa katika taarifa kwamba amejiajiri katika sekta ya uvuvi, neno limekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi. Tofauti si ya nadharia. Fidia inayotolewa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, chini ya sheria ya mwaka 2008, ni kwa anayeumia au kufa kazini akiwa mfanyakazi, na Ziwa Victoria ni ziwa la dhoruba. Mjane atakayeambiwa kwamba marehemu alijiajiri atakuwa amefungiwa mlango kwa kiambishi -ji-.

Kwa upande mwingine, kibarua lina faida ambayo maneno ya heshima hayana. Linamtaja mlipaji kwa kudokeza: hakuna kibarua bila aliyetoa karatasi. Mtu akisema fulani ni kibarua, swali linalofuata ni la kawaida kabisa, kibarua wa nani? Swali hilo haliulizwi kwa aliyejiajiri wala kwa mjasiriamali. Kisarufi, kibarua hukubali umilikishi, kama mfano wa (1) ulivyoonesha, na umilikishi huo ndio mwanzo wa wajibu.

9.0 Hitimisho

Makala imefuatilia neno kibarua kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutodaiwa, kupitia karatasi ya malipo ya Unguja, hadi kwa mtu, kazi na jukumu. Imeoneshwa kwamba hatua hizo zingali hai katika upatanisho wa kisarufi, na kwamba dharau inayohisiwa katika neno hilo haitokani na kiambishi bali na historia. Imeoneshwa pia kwamba kujiajiri, kujitegemea na ujasiriamali si visawe vyake vya kisasa. Kila moja linachagua upande wa kuangazia na upande wa kuficha: kujitegemea linaangazia heshima ya mwenye taaluma, mjasiriamali linaangazia uthubutu, na kujiajiri linamwondoa mlipaji katika sentensi.

Kwa wanaotunga kamusi, inapendekezwa kwamba vidahizo vya kibarua vitenganishwe kwa upatanisho, ili maana ya mtu isichanganywe na maana ya kazi. Kwa wanaotafsiri sheria, neno kujiajiri litumike pale tu ambapo hakuna mtu mwingine anayemiliki chombo, anayepanga saa au anayechukua hesabu. Mahali ambapo mtu huyo yupo, Kiswahili kinalo tayari neno la zamani linalomkumbusha kwamba yupo.